Simu imeniamsha saa tano badala ya saa kumi na moja, hivi nani aliifundisha kusoma saa?

Kijiti Mkavu

Wakuu habari za jioni. Naleta hili kama swali, sio lawama, ingawa lawama ipo kidogo.

Juzi usiku nimechoka, mikono imejaa vitu, nikaiambia simu kwa sauti "niamshe saa kumi na moja alfajiri". Ikanijibu kwa Kiswahili kilichonyooka, sauti ya dada mpole, sawa nimetega alamu. Nikalala fofofo. Kuja kushtuka jua limeshaingia dirishani, naangalia alamu imetegwa 11:00, yaani saa tano asubuhi. Na maneno yangu iliyasikia yote, hata neno alfajiri lipo pale kwenye skrini limeandikwa bila kosa, ila ikalipita tu kama halipo mana kwa hiyo mashine kumi na moja ni kumi na moja basi, na siku inaanza usiku wa manane watu wamelala.

Ndo nikaanza kuwaza. Kiswahili imefundishwa, saa haikufundishwa. Kuna mtu mahali alichukua maneno yetu akayapachika juu ya saa yake na akaona kazi imeisha. Sasa mimi nasikia sana hili neno "ukoloni wa kidijitali", kila anayepewa kipaza sauti analitaja, lakini sijawahi kuona mtu akinyoosha kidole akasema huu hapa. Je upo kweli, yaani yale ya enzi zile yamo ndani ya hivi vyombo tunavyoshika, au ni uzembe wa wahandisi tu tunaupa jina kubwa? Naomba mifano inayoshikika, hotuba nimeshasikia za kutosha.

---

Sina Presha

Uzembe tu mkuu. Ungetega kwa kidole ungeamka.

---

Fundi wa Nyaya

Umeomba kinachoshikika, mimi naleta waya.

Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza ilishusha waya wa telegrafu baharini kutoka Aden, ukafika Zanzibar, ukashuka Msumbiji mpaka Durban. Hesabu mwenyewe, mkutano wa Berlin ni 1884, kwahiyo waya ulitangulia bendera. Shaba ndani, nje wameufunika na utomvu wa mti unaoitwa gutta-percha, unatoka nchi ya Malaya, Malaysia ya leo, mana kipindi hicho ndo kitu kilichojulikana kuhimili maji ya chumvi, miti ikakatwa mamilioni, yaani huyu anatolewa utomvu ili yule afungwe waya. Na nyaya hizo karibu zote ukizifuata unaishia Porthcurno, kijiji cha pwani ya Cornwall, halafu London. Walijua thamani yake vizuri sana, Agosti 1914 vita imeanza tu, moja ya mambo ya kwanza kabisa Mwingereza aliyofanya ni kutuma meli kwenda kukata nyaya za Mjerumani baharini.

Matokeo yake ni kwamba hata baada ya uhuru, miaka na miaka, ukipiga simu nchi ya jirani ambaye wewe ulitawaliwa na Mwingereza yeye Mfaransa, sauti yako inaenda London, inavuka Paris, ndo inarudi kwa jirani. Hakuna aliyekaa akapanga kutukomoa, njia zilikuwepo hizo tu.

Sasa intaneti. Upande huu wa Afrika Mashariki faiba ya baharini ilifika 2009, SEACOM, kabla ya hapo ni satelaiti na mimi kazi nimeanza kipindi hicho cha satelaiti. Nilikuwa napiga ile amri inayoonyesha data inapita wapi, mistari inatoka mmoja mmoja taratibu, wa kwanza kifaa chetu, wa pili mtoa huduma wetu, halafu kimya, kimya, halafu linatokea jina la mji wa Ulaya, mingine saba nane hivi, wa mwisho kabisa ni ofisi ya jengo la mbele yetu. Nikifungua dirisha namuona mwenzangu anavuta pazia. Barua pepe yangu imepanda angani kilomita 36,000 ikashuka ng'ambo, ikapanda tena ikashuka, kwenda kwa mtu ambaye ningepiga mluzi angesikia. Na tunalipia kwenda na kurudi, kwa dola.

Ila niwe mkweli, tusije tukamsingizia mkoloni na yetu. Nairobi mwaka 2000 watoa huduma waliunganisha mitandao yao sehemu moja ili data ya nyumbani ibaki nyumbani, kinaitwa KIXP. Muda mfupi tu mdhibiti wa mawasiliano akakifunga, kisa shirika la simu la serikali limelalamika kwamba lenyewe peke yake ndo lina haki ya kubeba data ya nje. Kikaja kufunguliwa 2002. Hapo hakuna mzungu hata mmoja ndani ya chumba, ni sisi kwa sisi. Ingawa ukitaka kubishana zaidi nitakwambia shirika lenyewe na hilo wazo kwamba mawasiliano ni mali ya serikali mtu asiguse, tulirithi.

---

Sidanganyiki

Mimi nabisha. Hizo ni historia tamu lakini hazijibu swali. Hao wenye makampuni makubwa leo ni Wamarekani, na Marekani haikutawala huku. Mchina nae anachimba anajenga, nae hakututawala. Sasa mkoloni gani anayezungumziwa? Tukiita kila kitu ukoloni neno linaisha ladha.

Alafu nyaya mpya zinakuja, 2Africa peke yake kilomita 45,000 inazunguka bara lote. Mei 2024 zile nyaya za baharini EASSy na SEACOM zilipokatika siku moja pwani ya Afrika Kusini watu wakabaki wanatazama kisahani kinazunguka kwenye simu, ni nani aliyetuzuia kuwa na njia nyingine ya akiba, mkoloni? Tuache kulia lia.

---

Fundi wa Nyaya

Sidanganyiki umegusa pazuri, "inazunguka bara". Sasa fungua ramani uangalie inazunguka vipi. Kwa nje. Kama ukanda kiunoni. Na ukitaka kuelewa kwanini angalia reli, reli ya Benguela ilijengwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1900 kutoka bandari ya Lobito kule Angola kwenda kuchukua shaba ya Katanga, haikujengwa kumpeleka Mkongo kwa shangazi yake. Leo Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani, ile inayoingia kwenye betri, na reli ipi inafufuliwa kwa pesa za Marekani na Ulaya ili kuitoa? Hiyo hiyo, bandari ile ile. Mwenye pesa amebadilika, tuta la reli halijabadilika. Kwahiyo mimi sisemi Mmarekani ni mkoloni, nasema amekuta barabara imeshachongwa na inaelekea kwake.

La akiba nakubali, hapo tulizembea.

---

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, mimi si mtu wa mitambo, naingia humu kusoma tu lakini hili la saa limenigusa nikaona niseme la maandishi.

Nina barua za bibi yangu, Kiswahili kitupu, kaandika kwa herufi za Kiarabu kama walivyokuwa wakiandika watu wa pwani kwa karne kadhaa kabla hajaja mtu na alfabeti ya Kirumi. Mimi mwenyewe nasoma kwa kugugumia. Mjukuu akaniambia bibi siku hizi simu inasoma kila kitu, akaipiga picha ile barua. Simu ikafikiri kidogo ikasema: Kiarabu. Ikaitafsiri. Yakatoka maneno ya ajabu, mara ngamia, mara mlango, mara jina la mtu asiyekuwepo. Barua yenyewe bibi anamuuliza dada yake hali ya mtoto mgonjwa.

Si kosa dogo lile. Maandishi ya kale yana werevu wake, p na b mara nyingi ziliandikwa sawa, e na i sawa, na ile m au n inayotangulia konsonanti ilikuwa ikiachwa. Kwa hiyo "pembe" na "bibi" unaweza kuzikuta zimeandikwa sawasawa kabisa na msomaji anajua ni ipi kwa kuangalia jambo linalosemwa. Mashine haijui, na haijui kwa sababu hakuna aliyeifundisha, na hakuna aliyeifundisha kwa sababu tuliacha kuandika hivyo, na tuliacha kwa sababu serikali za kikoloni na shule za misheni zilitaka Kirumi. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa maeneo yote ya Mwingereza ya Afrika Mashariki ili Kiswahili kiwe kimoja, msingi wakachukua Kiunguja. Nimefundisha Kiswahili hicho maisha yangu yote nakipenda, sitakitukana. Lakini ukimwandikia mtu kwa Kimvita au Kiamu simu inakupigia mstari mwekundu. Nikiandika "mato" kama alivyosema bibi yangu, yenyewe inaniwekea "moto". Macho yamegeuka moto.

Na ukitaka kuyaona maandishi kama yale kwa wingi, yamepigwa picha vizuri, yapo kwenye mtandao wa chuo cha SOAS, London. Hapo nashukuru na naumia kwa pamoja.

---

Kijiti Mkavu

Shikamoo mwalimu. Hili la barua sikulitegemea kabisa. Macho yamegeuka moto, aisee.

---

Dereva Mtulivu

Mimi sina elimu ya nyaya ila nina stori na naomba mnivumilie ni ndefu.

Naendesha gari kwa apu, siitaji jina. Mwezi fulani abiria kanipa nyota moja, sijui kosa langu, nadhani nilikataa kupita njia aliyotaka mana ilikuwa imefungwa. Wastani ukashuka. Mara wawili wengine tena. Asubuhi moja nafungua apu inaniambia akaunti yako imesimamishwa. Sababu? Hakuna. Wa kumpigia? Hakuna, kuna kisanduku cha kuandika malalamiko, unaandika unajibiwa na mashine kwamba tumepokea. Siku kumi na moja gari imepaki nalipa mkopo. Ikaja ikafunguliwa yenyewe, napo sababu hakuna.

Nikamsimulia mzee mmoja wa Kenya akacheka mpaka akakohoa akaniambia we umepewa kipande. Nikamuuliza kipande gani, akanieleza, nikaenda kutafuta mwenyewe nikakuta ni kweli. Mkoloni Kenya alitunga sheria 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya vita ya kwanza, kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 abebe karatasi yenye alama za vidole vyake, wakawa wanaining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha bati. Na ndani ya hiyo karatasi bwana ndo anaandika, umeajiriwa lini, mshahara kiasi gani, umeondoka lini, na maoni. Bwana asiposaini kwamba amekuachia, huwezi kuajiriwa kwingine, ukikamatwa wewe ni mtoro. Wewe mwenyewe huna mahali pa kuandika maoni yako kuhusu bwana. Iliendelea hivyo mpaka miaka ya 1940. Na mpaka leo Wakenya kitambulisho wengi wanakiita kipande, neno limebaki watu wamesahau kikopo.

Sasa mniambie nyota zangu zina tofauti gani na yale maoni ya bwana, ukiacha bati.

---

Sidanganyiki

Tofauti ipo kubwa mkuu. Wewe unaweza kuzima apu ukaenda kufanya kazi nyingine, wao walikuwa wanafungwa jela. Na abiria nae unampa nyota.

---

Dereva Mtulivu

Jela hakuna, hapo sawa nakupa. Kuzima apu na mkopo wa gari unasoma kila mwezi, hapo hujawahi kuendesha. Na nyota ninazompa abiria nimetoa nyingi sana, sijawahi kusikia abiria kafungiwa kutembea.

---

Kalamu Butu

Kuongezea kwa Dereva, hizo alama za vidole zenyewe kama teknolojia zilikomaa makoloni ndo zikaenda Ulaya, sio kinyume. Afisa mmoja wa Kiingereza, William Herschel, kule Bengal 1858 alimgandamizisha mkandarasi mkono mzima kwenye mkataba ili asije akaukana. Baadae Calcutta wakatengeneza mfumo wa kupanga alama kwa mafungu uwe rahisi kutafuta, ofisi ikaanza 1897, polisi wa London wakauchukua 1901. Mfumo ukaitwa kwa jina la bosi, Henry. Wahindi wawili waliofanya hesabu zenyewe, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, jina lao halipo kwenye mfumo. Kila nikiweka kidole kusajili laini ya simu huwa nawakumbuka hao wawili.

Na mkishamaliza hilo kuna hizi anwani zinazoishia na .io ambazo kampuni za teknolojia zinazipenda. Hiyo .io ni Chagos, visiwa ambavyo wenyeji wake waliondolewa wote na Mwingereza kati ya 1968 na 1973 kupisha kambi ya jeshi ya Marekani Diego Garcia. Watu wametolewa, herufi zao mbili zinauzwa. Sidanganyiki uliuliza Marekani anaingiaje, anaingilia hapo.

---

Msichana wa Visanduku

Mimi nimefanya ile kazi ambayo mashine "inafundishwa", naweza kuwaambia inafundishwaje.

Unakaa mbele ya kompyuta unaletewa picha ya barabara, unachora kisanduku kuzunguka kila gari, kila mtu, kila taa, kila alama. Ukimaliza inakuja nyingine. Barabara zenyewe za nchi sijawahi kukanyaga, zina theluji, zina alama za barabarani ambazo ilibidi nikariri mana huku hazipo. Kisanduku kikizidi kidogo nje ya tairi kinarudishwa, unarudia bure. Tunalipwa kwa picha. Tulisaini karatasi ya kutosema tunamfanyia nani na ukweli ni kwamba hata tungetaka kusema tusingeweza mana hatukuambiwa, jina la mteja lilikuwa namba.

Miezi saba nimechora. Hakuna siku ililetwa picha ya barabara ya udongo. Hakuna mkokoteni, hakuna mbuzi anayekatiza. Kwahiyo hiyo gari ya kujiendesha nimeifundisha mimi, kwa macho yangu, lakini ikiletwa kwetu itasimama itushangae.

Na mimi nilipata picha za magari, nina bahati. Wenzetu Nairobi walipewa kusoma na kuangalia uchafu wote wa mtandao ili mashine zijifunze kutoutoa, ikaja kuripotiwa Januari 2023 kwamba walikuwa wanapokea chini ya dola 2 kwa saa. Waliokuwa wanachuja maudhui ya Facebook wakaenda mahakamani, kampuni yenye Facebook ikasema haiwezi kushtakiwa Kenya, mahakama ya rufaa Septemba 2024 ikasema inaweza. Sijui wengine mnaliitaje hilo. Mimi nikiliangalia naona pamba. Tunalima, nyuzi zinasokotwa kwingine, shati linarudi tunalinunua.

Kijiti Mkavu kuhusu saa yako, sio kwamba hawawezi. Mtu mmoja anayejua anaweza kuandika kanuni ile wiki moja, alfajiri na asubuhi na usiku zote zinasaidia mashine kujua. Ni kwamba hakuna aliyeulizwa. Sauti ya dada imetengenezwa, maneno yametafsiriwa, na kwenye orodha ya vitu vya kukagua hakuna mstari unaosema "saa".

---

Sina Presha

Naomba nirudi kwa heshima. Nimejaribu na yangu sa hivi. Nimeiambia "niamshe saa mbili usiku" ikatega 2:00. Nimeiambia "niamshe saa mbili asubuhi" ikatega 2:00 tena. Za kwangu zote mbili ni usiku wa manane.

---

Sidanganyiki

Sijabadilisha msimamo ila la barua ya bibi na la visanduku nimeyaelewa. Bado nasema tuite kila kitu kwa jina lake. Kipande ni ukoloni. Apu ni mwajiri mbaya.

---

Kalamu Butu

Sawa, na saa je? Ile mstari wa sifuri unaopita Greenwich ambao kila simu inahesabia masaa kuanzia hapo, ulipigiwa kura Washington Oktoba 1884, nchi 25, Afrika alikuwepo Liberia peke yake. Mwezi uliofuata ndo Berlin ikafunguliwa. Wakagawa muda kwanza, ardhi baadae. Ile kwa kufurahisha tu, ukisimama leo juu ya ule mstari wenyewe pale Greenwich na simu yako, simu itakwambia bado haujafika, sifuri ya satelaiti iko mita 102 upande wa mashariki.

---

Kijiti Mkavu

Nimesoma zote, asanteni, uzi umekuwa mzito kuliko nilivyotegemea. Nimewaandikia wenye simu kuhusu hiyo alamu, nikaeleza taratibu kabisa kwamba saa kumi na moja alfajiri ni 5:00, nikaweka na mifano mitatu. Wamejibu ndani ya dakika moja. Kwa Kiingereza. Wamesema kama napenda muda wa masaa 24 niende kwenye mipangilio.

---

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Waandikie tena. Safari hii kwa herufi za bibi.